Tuvae Nini Tunapoendesha Baiskeli Barabara za Vumbi?

Yako maumivu ambayo mwanamke huyatangaza, na yako ambayo huyafunika kwa khanga. Kichwa kikituuma nyumba nzima hujua. Lakini mama aliyechubuka katikati ya mapaja kwa sababu ya siti ya baiskeli hamwambii mtu. Atasema ana wageni, au mtoto ana homa, na Jumamosi inayofuata hamtamwona. Katika kikundi chetu tulianza tukiwa saba, na baada ya miezi miwili tukabaki wanne. Tulipowatembelea wale watatu nyumbani kwao, hapakuwa na wageni wala homa. Palikuwa na vidonda.

Sisi ni akina mama wa jumuiya moja hapa Moshi. Wawili ni walimu, mmoja ni muuguzi, mmoja ana genge la mboga, na waliobaki wanashughulika na nyumba na shamba. Hatukuingia katika baiskeli kwa ajili ya mashindano. Wenzetu wawili walipimwa wakakutwa na shinikizo la damu, wa tatu sukari, na wote waliambiwa wafanye mazoezi. Kukimbia, magoti yalikataa. Baiskeli zilikuwapo, zile za mitumba zenye matairi mapana ya meno, ambazo waume na vijana wetu walikuwa wameziegesha stoo. Basi Jumamosi asubuhi tunashuka kuelekea TPC kwenye mashamba ya miwa, ambako njia ni tambarare, vumbi na changarawe tupu. Siku nyingine tunaingia Msitu wa Rau. Tukijisikia na nguvu tunapanda Kibosho kati ya migomba na kahawa, kisha tunateremka juu ya mawe na mizizi huku breki zikilia.

Makala hii, basi, ni ya kaptula. Tunajua wapo watakaosema jarida limekosa la kuandika. Lakini wale wenzetu watatu walikuwa wameacha dawa isiyouzwa dukani, nao waliiacha kwa sababu ya kipande cha nguo. Mmoja wao ni yule mwenye sukari, na kidonda kwa mwenye sukari si jambo la kuchekwa.

Tuanze na mwili wenyewe. Ukikaa kwenye kiti cha mezani, mapaja yako yanasaidia kubeba uzito. Kwenye baiskeli mapaja yako kazini, yanazungusha pedali, hayawezi kubeba kitu. Uzito wote huangukia mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, kulia na kushoto, na ukiinama kushika usukani sehemu ya uzito huo husogea mbele, mahali ambapo Mungu hakupaumba pawe pa kukalia. Hapo ongeza jasho. Ngozi iliyolowa hulainika, na ngozi laini husuguliwa upesi. Barabara ya lami ingeishia hapo. Barabara ya changarawe ina lake la ziada: ule mtetemo mdogo mdogo usiokoma, kokoto moja baada ya nyingine, saa nzima, saa mbili. Kila mtetemo peke yake si kitu, lakini kwa pamoja hufanya kazi ya msasa. Vinyweleo hufunguka, vijidudu huingia, chunusi inakuwa jipu. Muuguzi wetu anasema ukiona uvimbe unaouma ukiguswa, au usaha, au homa, baiskeli isimame na uende ukamwone daktari, usikamue. Na kwa mwenye sukari, asingoje hata hapo.

Mwanzoni kila mmoja alikuja na alichokuwa nacho kabatini. Palikuwa na jinzi, palikuwa na taiti za pamba chini ya sketi, palikuwa na suruali ya kulalia iliyofungwa khanga juu. Jinzi ina sifa njema kwa uimara, lakini igeuze ndani nje uitazame: pale katikati mishono minne inakutana, na makutano hayo ni kama fundo la kamba. Ukilikalia fundo hilo kwa kilomita ishirini litakueleza lilipo. Wale vijana wa Marin kule Kalifonia walioanzisha mchezo wa baiskeli za milimani katika miaka ya 1970, wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu, wao nao walivaa jinzi na viatu vizito. Lakini mteremko wao maarufu ulikuwa wa dakika tano hivi, tena walishuka wakiwa wima juu ya pedali. Hawakwenda TPC na kurudi.

Mwanamke wa kututia moyo ni mwingine, naye ni wa zamani zaidi. Juni 1894 mama mmoja wa Boston, Marekani, aitwaye Annie Kopchovsky, aliyejulikana kwa jina la Annie Londonderry, aliondoka kwenda kuizunguka dunia na baiskeli. Alikuwa na mume na watoto watatu wadogo. Alianza safari akiwa na sketi ndefu na baiskeli ya kike yenye uzito wa kilo 19 hivi. Alipofika Chicago alibadili vyote viwili: akachukua baiskeli ya kiume iliyokaribia nusu ya uzito ule, na badala ya sketi akavaa suruali pana za kubana magotini ambazo wanawake wa wakati ule walianza kuzivaa. Baadaye akavaa kabisa mavazi ya kiume. Watu walisema sana. Yeye alimaliza safari yake mwaka 1895. Kumwacha mume na watoto miezi kumi na mitano hatumwigi. Tunachoona kwake ni kwamba maneno ya watu juu ya mavazi ya mwanamke kwenye baiskeli hayakuanza Kibosho, na kwamba mavazi ndiyo yalikuwa jambo la kwanza alilobadilisha safari ilipoonekana kumshinda.

Kaptula ya baiskeli yenyewe ilikuwa ya sufu hapo kale, na katikati ndani ilishonewa kipande cha ngozi laini ya mnyama wa milima ya Ulaya, jamaa ya mbuzi. Ngozi hiyo haikuwa mto. Kazi yake ilikuwa kuondoa mishono chini ya mwendeshaji. Ikishafuliwa ilikauka ikawa ngumu kama kipande cha kiatu, ikabidi ipakwe mafuta ilainike. Katika miaka ya 1970 vikaingia vitambaa vinavyovutika, na baadaye ngozi ikaondolewa, pakawekwa sponji maalumu lililofunikwa kitambaa laini. Dukani huliita pedi. Sisi twaliita mto, maana neno pedi lina kazi yake nyingine na tulikuwa tunachanganyana.

Sasa, mama anayeingia dukani mara ya kwanza hushika kaptula mbili na kuchagua ile yenye mto mnene. Anafikiri kama anavyofikiri juu ya godoro. Unene peke yake usikudanganye. Sponji nene na laini hubonyea lote chini ya mifupa ile miwili, halafu pembeni linajikunja na kuwa kama nepi, na penye kujikunja ndipo penye kuchubua. Linalotakiwa ni sponji lililoshikamana. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu: ukigusa kidole kilichoko upande wa pili kana kwamba hakuna kitu katikati, rudisha. Tena, ukiachia, linapaswa kuinuka lenyewe. Fundi wetu wa cherehani, mtu mwenye moyo, alijitolea kutushonea mto kwa sponji la godoro. Lilikunywa jasho lote na kukaa nalo, na kufikia saa ya pili lilikuwa limelala kama chapati. Ufundi wake ulikuwa mzuri. Sponji la godoro halikuumbiwa kazi hiyo.

Pia lazima ujiulize utakwenda wapi. Barabara ndefu ya changarawe, kama ile ya miwa, ni ya kukaa. Unakaa muda mrefu mahali pamoja, unazungusha, na mtetemo unakuja kutoka chini bila kupumzika. Hapo mto ulioshikamana vizuri, hasa chini ya mifupa ya kukalia, ndio wa kuangalia, na kaptula iwe ya kubana isisogee hata kidogo. Njia ya milimani ni tofauti. Pale unasimama na kukaa, unasimama na kukaa, unarudi nyuma ya siti kwenye mteremko, unapiga magoti huku na huku. Mto mwembamba kiasi unatosha, kwa sababu hukai sana, lakini nguo ya juu yake isiwe na kitambaa kinachoning'inia katikati. Kitambaa hicho hunasa kwenye ncha ya siti pale unapotaka kukaa au kusimama haraka, na kwenye mteremko wenye mawe kunasa ni kuanguka. Wanaume huvaa bukta zile za mpira wa miguu, pana, na hilo huwapata sana.

Jambo jingine ni umbo. Mifupa ya kukalia ya wanawake wengi imeachana zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo kaptula ya kike hutengenezwa mto wake ukiwa mpana nyuma na mfupi mbele, na isipokuwa na mshono katikati ni bora zaidi. Kaptula ya mume wako, hata kama kiuno kinalingana, mto wake haukai mahali pako. Kupima ni rahisi, wala hakuhitaji mtaalamu. Chukua kipande cha boksi lile lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya ngazi ya saruji au stuli ngumu, kikalie ukiwa umevaa nguo nyepesi, uinue miguu kidogo na kuinama mbele. Ukiondoka utaona mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya shimo moja hadi la pili. Sisi tulipata kati ya sentimita 11 na 14, na aliyekuwa na kubwa kuliko wote si mnene kuliko wote, bali mwembamba. Ukijua kipimo chako, geuza kaptula ndani nje dukani na uangalie kama sehemu iliyoshikamana ya mto inafika huko.

Na usiijaribu ukiwa umesimama wima mbele ya kioo. Ukisimama itakuvuta mabega na utaona kama umevaa nguo ya mtoto. Inama kama unayeshika usukani, inua goti moja, halafu jingine. Ikiwa inakaa bila mkunjo, bila kushuka kiunoni nyuma, na mpira wa mapajani haukukati nyama, hiyo ni yako. Mpira mpana ni mzuri kuliko mwembamba. Rangi nyeusi ina faida mbili: vumbi la Moshi halikusengenyi sana, na kitambaa kikilowa jasho hakionyeshi ndani kama kile cha rangi nyepesi.

Tumefika mahali pagumu. Kaptula hii huvaliwa bila chupi. Tulipoambiwa hivyo mara ya kwanza na kijana anayetengeneza baiskeli, ambaye aliyasema hayo akiangalia chini, sote tulinyamaza. Wawili wetu walikataa kabisa. Mmoja alisema mama yake mzazi akisikia atafunga safari kutoka Rombo. Lakini fikiri sababu yake. Mto umetengenezwa ugusane na ngozi, ukae nayo bila kusogea na kuipitisha jasho. Ukiweka chupi ya pamba katikati, umerudisha mishono ile ile uliyolipia fedha iondolewe, na pamba ikishalowa haikauki, inakuwa kitambaa cha kusugulia. Hapo kaptula ya bei kubwa haina kazi. Wale wawili waliokataa tuliwaacha wajaribu kwa namna yao, na baada ya wiki tatu walikubali wenyewe, bila mkutano. Tunalitaja waziwazi hapa kwa sababu wauzaji wengi ni vijana wa kiume, hawawezi kumwambia mama wa rika la mama yao, na mama hawezi kuuliza. Kati ya vijana wasioweza kusema na akina mama wasioweza kuuliza, ndipo vidonda vinapozaliwa.

Kuhusu heshima ya mavazi, hatutaki kumhukumu mtu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu, na tuliangalia vipande vyake kwenye simu. Waume zetu walitazama mwendo, sisi tulitazama kaptula. Wanawake wale wamevaa nguo ya kubana peke yake, nao wako kazini. Mkimbiaji wa mbio havai sketi ya harusi. Lakini sisi tunapita mbele ya nyumba za wakwe. Tunasimama kununua ndizi. Tunasalimia wazee walioketi chini ya mti, na kule kwetu mtu hasalimii wazee akiwa amepanda baiskeli, anateremka. Kwa hiyo tumechagua kuvaa ile ya kubana ndani, na juu yake bukta pana ya kufika magotini. Waendeshaji wa milimani duniani kote huvaa hivyo, wake kwa waume, nao si kwa sababu ya wakwe: ile ya juu huzuia miiba, vumbi na mchubuko wa kuanguka. Inapendeza kuona kwamba lililo la heshima hapa ni la busara pia.

Khanga kiunoni tumeikataza katika kikundi. Inaingia kwenye mnyororo au kwenye spoki, na hatuna haja ya kueleza zaidi. Wenzetu wawili ambao bado hawajisikii vizuri na bukta wameshonewa na fundi wetu sketi iliyogawanyika katikati kama suruali, ya kitambaa chepesi, inayoishia chini kidogo ya goti. Hapa fundi amefaulu sana. Tulimwomba mambo mawili tu: asiweke mshono mnene katikati, aweke kipande cha umbo la almasi badala yake, na kitambaa kisishuke chini ya mwili kikaning'inia.

Bukta hizi za juu tunazipata soko la mitumba la Memorial. Chagua za kitambaa chepesi kinachovutika, si za pamba nzito. Tumepata nzuri kwa shilingi 8,000, zenye zipu mifukoni. Ile ya ndani yenye mto ni habari nyingine. Tulijadiliana sana juu ya hili, kwa sababu hata za mitumba zipo, na bei yake inavutia. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani za mitumba. Mtu anaweza kubisha kwamba kaptula si nguo ya ndani. Lakini nguo inayovaliwa bila chupi, inayogusa ngozi mahali pale, na yenye sponji lililokwisha kunywa jasho la mtu mwingine kwa miaka, sisi hatuoni itaitwaje jina jingine. Isitoshe, sponji hufa. Likishavaliwa mamia ya saa halirudi tena hata kama kitambaa chake kinang'aa. Kwa hiyo nje mtumba, ndani mpya. Ndivyo tulivyoamua, na hatujaona sababu ya kubadili.

Mpya ni ghali, tusidanganyane. Zile tulizoziagiza zilitugharimu karibu shilingi 70,000 moja. Mume wa mwenzetu mmoja aliuliza, tena kwa upole, ni nguo gani isiyoonekana na mtu inayolingana na mfuko wa mchele wa kilo 25. Ni swali la haki kutoka kwa mtu anayelipa ada. Mke wake hakubishana, alimwonyesha vidonda. Akina mama wengi tuna tabia ya kuona fedha iliyotumika juu ya mwili wetu wenyewe kuwa imeibwa kutoka kwa watoto. Sare ya shule itanunuliwa kwa mkopo, lakini mama atakalia mshono miaka mitatu. Tulichofanya ni upatu. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 10,000, na fedha ya mwezi huo inamnunulia mmoja kaptula yake. Kwa saba, miezi saba. Wa kwanza kupewa walikuwa wale watatu waliokuwa wameacha, na tulianza na mwenye sukari. Leo hatangulii, lakini yupo kila Jumamosi, na kliniki yake haikosi.

Zipo kaptula zenye mikanda ya mabegani. Wanaozipenda wanasema hakuna mpira unaobana tumbo, na kwa mama mwenye kovu la upasuaji hilo si jambo dogo: mpira mwembamba ukikaa juu ya kovu kwa saa mbili huwasha mno. Tatizo lake ni msalani. Mwanamume hana taabu, lakini sisi kwa haja ndogo tu tunalazimika kuvua blauzi yote, na kwenye mashamba ya miwa hakuna mlango wa kufunga. Zipo zilizotengenezwa kwa wanawake zenye kishikizo au zipu nyuma, lakini bei yake imepanda mara mbili. Kati yetu ni mmoja tu anayevaa ya mikanda. Waliobaki, pamoja na wawili waliojifungua kwa upasuaji, wamechukua zenye kiuno kipana na cha juu, kinachopita juu ya kovu badala ya kulikalia.

Siku za hedhi kila mmoja ana njia yake. Taulo ya kawaida inajikunja na mbawa zake huchubua. Aliyeijaribu kwenye changarawe hakuirudia. Wawili wanatumia kikombe cha hedhi na wanasafiri kama siku nyingine. Wengine wanafupisha safari au wanabaki kupika chai ya kutupokea, na hakuna anayeulizwa.

Mafuta. Yako ya kupaka maalumu kwa waendesha baiskeli, ambayo hupunguza msuguano, na kidogo yanatosha. Mafuta ya mgando yanafanya kazi hiyo kwa safari moja, lakini yanakaa ndani ya mto na kukataa kutoka, na kila ufuaji mto unakuwa mgumu zaidi kupitisha hewa. Yenye manukato yaache. Na ukifika nyumbani, kabla ya kuonja chai, kabla ya kuuliza nani amekula nini, vua kaptula hiyo na uoge. Kuizungusha nyumbani saa mbili ukiwa umeivaa huku ukipika ni kuviatamia vijidudu.

Kufua ni siku ile ile. Igeuze ndani nje, maji ya baridi, sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe kabisa kwenye mto, maana sabuni iliyobaki huwasha kuliko jasho. Usiweke dawa ya kung'arisha nguo nyeupe wala ya kulainisha. Usiikamue kwa kuizungusha kama deki. Ikunje ndani ya taulo na uibonyeze. Ianike ikiwa bado ndani nje penye upepo hadi sponji likauke lote, kwa kuwa juu hukauka mapema na ndani bado kuna unyevu. Pasi isiiguse. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, inaweza kuchukua siku mbili, na hapo ndipo utakapotamani ya pili.

Tuongeze kwamba hakuna kaptula inayoponya siti iliyopinda. Ncha ikiangalia juu itakuumiza mbele. Ikiangalia chini utateleza na mikono kuchoka. Iwe sawa kama meza. Yale mafuniko ya siti laini yanayouzwa mjini yanafaa kwa kwenda sokoni, lakini kwa safari ndefu yana tabia ile ile ya sponji nene. Na ukihisi ganzi, simama juu ya pedali kidogo uiruhusu damu ipite. Ikirudi kila safari, si kaptula tena, ni siti au namna unavyokaa, na ganzi haivumiliwi kishujaa.

Mwezi huu zamu ya upatu ni ya mwenzetu wa genge, wa mwisho kwenye orodha. Ameshajipima kwenye boksi la nyanya, sentimita 13. Ametaka nyeusi, kiuno cha juu, na yenye mfuko wa pembeni mapajani wa kutia simu, kwa sababu wateja wake wa mchicha wanapiga hata Jumamosi asubuhi tukiwa katikati ya miwa, naye hataki kuwakosa.